Kamera Imeshaliona Bomu

Msikilizaji, nianze na mtu aliyefungwa kwenye kiti. Anaitwa Syed Ali. Ndani ya Los Angeles kuna bomu la nyuklia, litalipuka leo hii hii, na yeye anajua lilipofichwa. Mbele yake kasimama Jack Bauer, mpelelezi wa kikosi cha kuzuia ugaidi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Syed Ali kapigwa, hakusema. Katishwa, hakusema, maana kufa alishakubali. Basi Jack anawasha runinga. Kwenye kioo wanatokea mke na watoto wa Syed Ali, wako nchi ya mbali, wamefungwa, wenye bunduki wamewasimamia. Taja lilipo bomu, ama mwanao mkubwa anakufa sasa hivi. Baba analia, anaomba, anakataa. Risasi inalia. Kiti cha mtoto kinaanguka na mtoto wake. Bunduki inahamia kwa wa pili, na hapo ndipo Syed Ali anapolegea na kuutaja uwanja wa ndege ambako bomu limepelekwa.

Punde tunaonyeshwa kwamba yule mtoto ni mzima. Yalikuwa maigizo. Na sisi tuliokaa kwenye makochi tunashusha pumzi mara mbili: bomu limejulikana lilipo, na shujaa wetu hajaua mtoto.

Hiyo ni tamthilia ya 24, msimu wa pili, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2002. Najua wengi mnaikumbuka. Huku kwetu ilitembea kwa DVD za kunakili, sizoni nzima kwenye sahani chache, na watu walikesha nayo utadhani asubuhi hawana kazi. Msimu una vipindi 24, kila kipindi ni saa moja ya siku ileile moja, na saa ya dijitali inahesabu sekunde kwenye kioo. Ukishakiona kipindi cha kwanza, umekwisha. Mimi mwenyewe nilikwisha. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuponda kitu nilichokisikia kwa watu. Naijua, naikubali kwa ufundi wake, na ndiyo maana nina ugomvi nayo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tamthilia za namna hii zinatuuliza swali la maadili: je, ni halali kumtesa mtu mmoja ili kuwaokoa maelfu? Likiulizwa hivyo, jibu linakuja lenyewe. Wazee walishasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Upande huu kuna mtu mmoja, tena muuaji. Upande ule kuna mji mzima wenye watoto na wagonjwa. Nani atathubutu kusema hapana? Lakini swali hilo limejibiwa kabla halijaulizwa, na aliyelijibu ni kamera.

Hebu fikiria tunachokijua sisi watazamaji kabla ya Jack kuingia chumbani. Tunajua bomu lipo, tumeliona. Tunajua Syed Ali ndiye, kwa sababu tumeonyeshwa akipanga na wenzake. Tunajua kwamba anajua. Na tunajua akisema atasema kweli, maana mtunzi hawezi kumkimbiza shujaa wake saa nzima kwenda mahali pasipo na kitu halafu kipindi kiishe hivyo. Mambo manne, yote ya uhakika. Mhojaji wa kweli hana hata moja. Yeye ana mtu kwenye kiti. Ana jina linalofanana na jina lililo kwenye orodha. Ana mtoa habari aliyelipwa, na bosi anayepiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza huyo mtu kasema nini.

Mwondolee mhojaji macho ya kamera, swali linageuka kabisa. Sasa linasomeka hivi: je, ni halali kumtesa mtu ambaye huenda ndiye, ambaye huenda anajua, kuhusu bomu ambalo huenda lipo, ili aseme jambo ambalo huenda ni kweli? Swali hilo sijaona filamu inayolishangilia, na hakuna kibanda umiza kitakachopiga makofi kwa jibu lake.

Watoto wa vibandani wana sheria yao wanayoijua tangu wadogo: steringi hafi. Ipo ya pili ambayo hawaitamki, nayo ina nguvu zaidi: steringi hakosei mtu. Anayempiga ndiye anayestahili kupigwa.

Tuwatendee haki waandishi wa 24. Waliwahi kumtesa mtu asiye na hatia, na si mara moja. Msimu wa nne kuna mchambuzi wa kompyuta wa kikosi hichohicho, Sarah Gavin, anayesingiziwa usaliti. Anaingizwa chumba cha mahojiano na watu anaokula nao chakula cha mchana, anapigwa shoti za umeme, kisha inagundulika siye. Unajua kinachofuata? Anarudi mezani kwake siku ileile kuendelea na kazi, na anadai aongezewe mshahara. Mimi nilicheka. Baadaye nikawaza kwamba huo ndio uongo mkubwa kuliko hata ule wa bomu, kwamba mateso yakimkuta asiyehusika ni usumbufu tu, kama kusimamishwa na trafiki aliyekosea namba ya gari. Unaombwa radhi, unaondoka zako.

Baraza moja la wazazi la Marekani, Parents Television Council, liliwahi kuhesabu matukio ya mateso katika misimu mitano ya kwanza ya 24. Yalikuwa 67. Zamani katika filamu aliyetesa alikuwa adui. Ndivyo ulivyomtambua kuwa adui. Sisi tuliokulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba tulijua Willy Gamba hana muda wa kubembeleza, lakini tulijua pia chumba chenye mnyororo na mjeledi ni cha makaburu. Jack Bauer alihama upande. Alichukua chombo cha adui akakitumia kwa machozi, na machozi yale yakawa ndiyo leseni yake. Huyu si katili, tazama anavyoumia! Uhodari wa Kiefer Sutherland, mwigizaji wake, upo hapo hapo: anatesa huku uso wake ukituomba tumwonee huruma yeye.

Nyinyi mnaweza kuniambia hizo ni filamu tu. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha West Point, hakuona hivyo. Alisafiri hadi California kuonana na watengenezaji wa 24, akafuatana na wahojaji wazoefu wa jeshi na wa FBI. Habari hiyo iliandikwa na Jane Mayer katika jarida la The New Yorker, Februari 2007. Malalamiko ya jenerali yalikuwa ya mwalimu: anawafundisha vijana sheria za vita, anawaambia kumtesa mfungwa ni marufuku, nao wanamuuliza mbona kwenye 24 inasaidia. Mmoja wa wahojaji wale, Tony Lagouranis, alikuwa amerudi kutoka Iraq, na alisimulia jinsi askari walivyokuwa wakitazama DVD kisha wanaingia kwenye chumba cha mahojiano kujaribu walichokiona. Jenerali aliomba kitu kidogo sana: kipindi ambamo mateso yanaharibu mambo. Joel Surnow, mmoja wa waliobuni tamthilia hiyo, hakuhudhuria kikao.

Hata mahakamani Jack alifika. Mwaka 2007 Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akiwa kwenye mkutano wa wanasheria mjini Ottawa, alimtetea kwa jina. Alikumbusha kwamba Jack aliiokoa Los Angeles, kisha akauliza ni baraza gani la mahakama litakalomtia hatiani. Jaji yule alikuwa anazungumzia mji uliookolewa na mtu ambaye hayupo, kutokana na bomu ambalo halikuwahi kutengenezwa.

Na pale Guantánamo, mwanasheria wa jeshi Diane Beaver alimweleza Philippe Sands, wakili na mwandishi wa Uingereza, kwamba msimu wa pili wa 24 ulitazamwa sana na uliwapa watu mawazo. Msimu wa pili ndio huo wa Syed Ali na watoto wake. Sitasema fulani aliona kipindi fulani akaenda kufanya vilevile. Hilo siwezi kulithibitisha. Nitasema tu kwamba ripoti ya mkaguzi mkuu wa CIA ya mwaka 2004 inaeleza kwamba Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, aliambiwa likitokea shambulio jingine watoto wake watauawa.

Msimu wa saba wa 24, mwaka 2009, watunzi walijaribu kujibu lawama. Wakamweka Jack mbele ya Seneti aulizwe habari za mateso. Akajibu kwa kiburi. Kabla kikao hakijafika popote, FBI wakaja kumchukua, kuna magaidi, anahitajika. Mjadala wa maadili ukaahirishwa kwa sababu ya kazi.

Hoja yenyewe ya bomu linalohesabu dakika haikuzaliwa Los Angeles. Wanaofuatilia historia yake huirudisha kwenye riwaya ya Mfaransa Jean Lartéguy, ya mwaka 1960, kuhusu askari wa miavuli wa Ufaransa kule Algeria. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu mwanzo hadithi hiyo iliundwa na mtunzi, ikahamia kwenye madarasa ya falsafa, ikahamia kwenye runinga, na kila ilipohama ilibeba ule uhakika wake wa mambo manne.

Sasa tuangalie vyumba visivyo na kamera.

Mwishoni mwa 2001 alikamatwa Mlibya aliyejulikana kama Ibn al-Shaykh al-Libi, msimamizi wa kambi ya mafunzo huko Afghanistan. FBI walianza kuzungumza naye taratibu. CIA wakamchukua, wakampeleka Misri. Huko, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, alifungiwa kwenye sanduku dogo, akapigwa, akaulizwa juu ya uhusiano wa al-Qaeda na Iraq. Hakuwa na la kusema, akatunga. Alisema Iraq iliwafundisha watu wa al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliyarudia hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa bila kumtaja jina. Mwezi uliofuata Iraq ikavamiwa. Mwaka 2004 al-Libi akayakana yote.

Watu husema mateso hayafanyi kazi. Mimi nadhani kisa hiki kinaonyesha jambo baya zaidi: yalifanya kazi. Aliyeuliza alipata jibu, tena lile alilolitaka. Mtu anayeumizwa anasoma uso wa anayemuumiza, anatafuta maneno yatakayomaliza maumivu, na hayo maneno kwa kawaida yameshafichwa ndani ya swali. Hapo ndipo Jack Bauer angepata taabu. Angejuaje kwamba uwanja wa ndege uliotajwa si uwanja aliokuwa ameutaja yeye mwenyewe dakika tano zilizopita?

Kisa cha pili ni cha nyumbani. Machi 2003, mjini Mogadishu, watu wa mbabe mmoja wa vita walimkamata Mtanzania kutoka Zanzibar. Sitamtaja jina, kaishi na jambo hili vya kutosha. Aliishia mikononi mwa CIA, akapelekwa Afghanistan kwenye gereza la siri ambalo ripoti ya Seneti ya Marekani inaliita COBALT. Ndani mlikuwa na giza totoro mchana na usiku, na muziki wa kelele haukomi. Kwa mujibu wa madai aliyoyapeleka mahakamani, alimwagiwa maji ya baridi kali, akaning'inizwa kwa mikono, akafungiwa sandukuni. Miaka ikapita. Mwaka 2008 aliachiwa akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema yeye si tishio. Hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote.

Mbinu hizo zilibuniwa na wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen. Kamati ya Ujasusi ya Seneti, katika muhtasari wake uliotolewa Desemba 2014, inasema hawakuwa na uzoefu wowote wa kuhoji wafungwa. Kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Mzanzibari wetu aliwashtaki mwaka 2015, pamoja na Mlibya mmoja na familia ya Mwafghani aliyefia kwenye gereza lile la giza, na Agosti 2017, wiki chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, wakasuluhishwa. Muhtasari ule unataja watu 119 waliopitia mpango wa CIA, na unasema angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. CIA wamebishana na mengi yaliyomo humo. Hata ukiwapunguzia, sheria ya pili ya vibandani imeshavunjika. Steringi anakosea mtu. Na aliyekosewa harudi mezani kudai nyongeza ya mshahara. Daktari Mmarekani aliyemchunguza Mzanzibari huyu baada ya kuachiwa alikuta mtu aliyejeruhiwa mwili na akili.

Filamu ya Zero Dark Thirty, ya Kathryn Bigelow, ya mwaka 2012, nitaipita haraka. Inaanza na sauti za waliopiga simu za dharura Septemba 11, kisha inakupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mateso, na kutoka hapo mpaka kwenye nyumba ya Osama bin Laden. Maseneta watatu, akiwemo John McCain ambaye aliteswa mwenyewe alipokuwa mateka Vietnam, waliiandikia kampuni ya Sony Pictures kulalamika kwamba inapotosha. Ripoti ya Seneti nayo ikasema habari bora kuhusu mjumbe wa bin Laden zilitoka kwa mfungwa kabla hajateswa. Ufundi ni mkubwa, mpangilio wa matukio unadanganya.

Linalonikereketa zaidi linahusu Agosti 7, 1998. Asubuhi ya Ijumaa ile, mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi mno walikuwa watu wetu, waliokuwa wakipita njia, wakisubiri basi, wakifanya kazi kwenye majengo ya jirani. Mmoja wa watuhumiwa, Ahmed Khalfan Ghailani, naye mtu wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Badala ya kupelekwa mahakamani alipelekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo. Alipofikishwa mbele ya mahakama ya kiraia ya New York mwaka 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi waliyemtegemea sana, Mtanzania ambaye angesema kwamba ndiye aliyemuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa. Sababu yake ni kwamba serikali ilimjua shahidi huyo kupitia maneno aliyokamuliwa Ghailani kule kwenye magereza ya siri.

Matokeo yake? Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280. Akatiwa hatiani kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Mashtaka ya kuua watu 224, wa Nairobi na wa Dar es Salaam, yote akaachiwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa lile moja, kwa hiyo yuko gerezani, na wapo wanaosema basi haki imetendeka. Mimi sikubaliani nao. Fikiria umempoteza mama yako pale Nairobi, umesubiri miaka 12, halafu hukumu inasomwa na mama yako hayumo. Yumo jengo. Hili kwenye 24 hulioni, kwa sababu siku ya Jack inaisha baada ya saa 24 na kesi inaanza miaka sita baadaye.

Naogopa nimewaonyesha upande mmoja tu. Kipo kisa kimoja cha kweli kinachokaribia sana hadithi ya bomu, na siwezi kukikwepa. Mwaka 2002 mjini Frankfurt, Ujerumani, mtoto wa miaka 11 alitekwa. Mwanafunzi wa sheria akaonekana akichukua pesa za kikomboleo, kisha akakamatwa. Hapakuwa na shaka kwamba ndiye. Akawazungusha polisi, na saa zinakwenda, na mtoto huenda yuko mahali bila chakula wala hewa. Naibu mkuu wa polisi, Wolfgang Daschner, akaagiza mtuhumiwa aambiwe kwamba ataumizwa vibaya sana asiposema. Hakuguswa. Kwa kitisho tu, akasema mtoto alipo.

Mtoto alikuwa ameshauawa kabla hata mtuhumiwa hajakamatwa.

Daschner hakujua, na asingeweza kujua. Kilichonivutia kwake ni kwamba agizo lake aliliandika mwenyewe kwenye faili na kuliwekea jina lake. Alishtakiwa, akatiwa hatiani mwaka 2004, mahakama ikampa onyo na faini ambayo hakutakiwa kuilipa mara moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kitisho kile kilikuwa kuvunja marufuku ambayo haina udhuru, huku muuaji akibaki na kifungo chake cha maisha. Rafiki yangu mmoja, baba wa watoto wanne, aliposikia habari hii aliniambia yeye angemlipia Daschner faini. Sikumjibu. Hata mimi ningechangia, nadhani. Lakini nisingetaka afutiwe kosa. Daschner mmoja anayeandika jina lake na kwenda mahakamani ni mtu aliyebeba mzigo wake. Ukiandika sheria inayomruhusu, unapata COBALT, kwa sababu kila mhojaji ataamini bomu lake ndilo lile la kwenye filamu, na hakuna atakayeandika jina lake popote.

Kisheria hata kwetu mlango huo umefungwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaenda mbali zaidi, inaiweka haki ya kutoteswa katika zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Wakenya wanajua kwa nini. Wanazijua seli za chini ya jengo la Nyayo House zilizojazwa maji miaka ya 1980, na wafungwa waliotoka humo wakikiri chochote kilichoandikwa mbele yao.

Nimesema nina ugomvi na 24, basi ni haki niseme ningependa kuona nini badala yake. Ningependa kuona chumba kimoja cha Nairobi, Agosti 1998. Siku tano baada ya mlipuko, polisi walimkamata Eastleigh kijana mmoja, Mohamed al-Owhali. Alikuwa na majeraha yenye mishono mgongoni, akadai yeye ni mpita njia aliyekuwa karibu. Wahojaji wa FBI wakiwa na polisi wa Kenya walikaa naye siku nyingi. Walimuuliza nguo alizovaa. Akasema ndizo alizokuwa nazo siku ya mlipuko. Mbona hazina damu? Akajibu kwamba wanaume wa Kiarabu ni wasafi kuliko wa Kimarekani. Wakamwacha aendelee. Uongo wake ukawa unajifunga wenyewe, swali kwa swali, mpaka akataka ahadi kwamba atahukumiwa Marekani, maana alisema adui yake ni Marekani, si Kenya. Akapewa maandishi. Akasimulia yote: alikuwemo ndani ya lori lililobeba bomu, alishuka akatupa guruneti kwa walinzi, akakimbia.

Mawakili wake baadaye walilalamikia jinsi alivyoshikiliwa Nairobi bila wakili, na jaji wa New York alilipima hilo kwa mabishano marefu kabla ya kuruhusu maelezo yake yasomwe. Hapakuwa peponi, kwa hiyo. Lakini maelezo yalisimama, na mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Watu waliokufa Nairobi walikuwemo kwenye hukumu ile.

Tena alitoa kitu kingine: namba ya simu aliyokuwa akiipigia, ya nyumba moja mjini Sana'a, Yemen. Nyumba hiyo ilikuwa kituo cha kupitishia ujumbe wa al-Qaeda dunia nzima. Hakuna mtego wala mayowe. Namba imeandikwa kwenye karatasi. Mwishoni mwa 1999 waliokuwa wakisikiliza simu ya nyumba ile wakagundua kuna mkutano utafanyika Kuala Lumpur. CIA wakawafuata waliokwenda, wakawapiga picha. Mmoja wao, Khalid al-Mihdhar, alikuwa mkwe wa mwenye nyumba ya Sana'a, na pasi yake ilikuwa na viza ya Marekani. Tarehe 15 Januari 2000 yeye na mwenzake, Nawaf al-Hazmi, walishuka kwenye uwanja wa ndege wa Los Angeles, mji wa Jack Bauer. Wakahamia San Diego, wakapanga nyumba, na namba ya Hazmi ikachapishwa kwenye kitabu cha simu cha mji.

CIA walijua kuhusu ile viza tangu Januari hiyo, na Machi 2000 wakajua kwamba Hazmi ameingia Marekani. FBI, waliotoka na namba ya Sana'a kwenye chumba kile cha Nairobi, walianza kuwatafuta hao wawili mwishoni mwa Agosti 2001, pale majina yao yalipowekwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa. Siku hizohizo tiketi zao za ndege ya Septemba 11 zilikuwa zikinunuliwa.